Elfu Ishirini na Tano ni Ngapi?

(Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa hisabati, wazazi na wanafunzi. Wengi waliokosa kufika wameyaomba, basi nayaweka hapa yote. Niliyoyachora ubaoni nimeyageuza kuwa maneno; vicheko na minong'ono mtajaza wenyewe.)

Mwenyekiti wetu, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliobanana pale nyuma kana kwamba nitawaita ubaoni: hamjambo?

Kabla sijasema lolote, shikeni kalamu. Nitataja namba moja, nanyi muiandike kwa tarakimu. Usichungulie kwa jirani. Haya: elfu ishirini na tano.

Tayari? Walioandika 25,000 wanyooshe mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Na walioandika 20,005? Mmoja, wawili, watatu. Mama pale mbele ameushusha mkono wake baada ya kuwaona wenzake wamekaa kimya. Mama, usiushushe. Hujakosea.

Nimesema hajakosea, na nimesikia mguno. Hebu tutazame. Elfu imetangulia, ikifuatwa na ishirini, halafu "na", halafu tano. Neno "elfu" linazidisha kinacholifuata. Neno "na" linajumlisha. Swali ni moja tu: ile "na" inafanya kazi lini? Ikifanya kazi kwanza, ishirini na tano zinakutana, kisha elfu inazizidisha zote: 1,000 × (20 + 5). Elfu ikifanya kazi kwanza, ishirini inazidishwa, halafu tano inakuja peke yake mwishoni: 1,000 × 20 + 5. Maneno ni yaleyale manne. Namba ni mbili.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka fulani nilikuwa namsomea mwenzangu orodha ndefu ya takwimu kwa simu, yeye anachapa. Mimi nina karatasi, yeye ana kompyuta. Nikasoma "elfu ishirini na tano" nikiangalia 20,005. Akachapa 25,000. Tulipofika chini jumla ikakataa. Ilizidi kwa 4,995. Tuliitafuta 4,995 hiyo jioni nzima: tukakagua safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukashuku programu, tukashukiana sisi kwa sisi. Mwishoni akanisomea alichochapa, mstari kwa mstari, na alipofika pale alisema kwa sauti ileile niliyosema mimi, maneno yaleyale niliyosema mimi: "Elfu ishirini na tano." Nikajibu, "Sawa, endelea." Tukapita juu ya kosa letu mara ya pili, na wote wawili tukiwa macho!

Tuliligundua alipochoka akasema, "Nitajie tarakimu mojamoja." Mbili, sifuri, sifuri, sifuri, tano. Kimya. Halafu kicheko kirefu.

Niulize: nani alikosea hesabu pale? Hakuna. Mimi nilisoma sawa, yeye alisikia sawa. Kilichokosekana ni pumzi. Ningesema "elfu ishirini," nikavuta pumzi, kisha "na tano," tungelala mapema. Ile pumzi ndiyo mabano ya mdomo. Nataka mwende nayo hiyo pumzi, maana leo nitazungumzia maandishi yasiyo na pumzi.

Sasa tazameni ubaoni. Ninaandika hivi: 8 ÷ 2(2 + 2).

Naona wengine wameshaanza kutabasamu. Mnalijua hili. Mwishoni mwa Julai 2019 fumbo hili liliwagombanisha watu dunia nzima kwenye mitandao. Na halikuwa la kwanza. Mwaka 2011 lilikuwapo ndugu yake, 6 ÷ 2(1 + 2), na mwaka huohuo kaka yake mkubwa, 48 ÷ 2(9 + 3). Kila baada ya miaka kadhaa linabadilishwa nguo, linarudi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo lilipoingia, shemeji yangu, mtu wa vitabu vya hesabu za fedha, alijibu 16 kabla hata hatujamaliza kulisoma. Binti ya kaka yangu, aliyekuwa sekondari, akajibu 1. Shemeji akamwambia arudi darasani. Binti, kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo baba, lakini nimetoka darasani sasa hivi." Saa sita ya usiku walikuwa bado wanatumiana picha za daftari. Mjomba wetu, ambaye hesabu aliziacha zamani, aliandika tu: "Mimi najua jibu ni kulala."

Tuwasikilize wote wawili. Shemeji anasema: mabano kwanza, 2 + 2 ni 4. Imebaki nane gawanya kwa mbili mara nne. Kugawanya na kuzidisha wana cheo kimoja, basi nenda kushoto kwenda kulia: nane kwa mbili ni nne, nne mara nne ni 16.

Binti anasema: mabano kwanza, 2 + 2 ni 4. Lakini ile 2 imegandana na mabano, haina alama katikati. 2(4) ni kitu kimoja, ni nane. Nane kwa nane ni 1.

Nani kakosea kujumlisha? Hakuna. Nani kakosea kuzidisha? Hakuna. Nani kakosea kugawanya? Hakuna. Wamesoma maandishi mamoja kwa namna mbili, kama mimi na mwenzangu wa simu. Na kama vile "elfu ishirini na tano", ubishi haumo katika namba. Umo katika sentensi.

Profesa Steven Strogatz wa Marekani aliandika kuhusu fumbo hili katika gazeti la New York Times mwaka uleule wa 2019. Akaeleza kwamba kwa utaratibu wa kawaida unaofundishwa shuleni jibu ni 16. Unadhani walinyamaza? Walimwandama mpaka akaandika mara ya pili. Sasa kama profesa wa hisabati anaandamwa kwa kujumlisha mbili na mbili, sisi wengine tukae wapi?

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye utamu. Watu wengi huchukulia kwamba wale wa 1 ni wavivu waliosahau somo la darasa la tano. Mimi nasema hapana. Wale wa 1 mara nyingi ni watu waliosoma aljebra na ikawaingia. Niandike hivi: 6a ÷ 2a. Jibu? Nimesikia "tatu" kutoka pande zote. Tatu! Hakuna hata mmoja aliyesema 3a². Lakini ngojeni. Mngefuata utaratibu wa shemeji herufi kwa herufi, mngesema: sita mara a, gawanya kwa mbili, mara a. Inakuwa 3a mara a. 3a². Mbona hamkusema? Kwa sababu jicho lenu limeona 2a kama kitu kimoja. Hamkufikiri, mmeona tu.

Kwa hiyo mwanafunzi huyuhuyu Jumatatu anaambiwa 6a ÷ 2a ni 3, anapata vema. Jumanne anapewa 8 ÷ 2(4), anaona 2(4) kama alivyoiona 2a jana yake, anajibu 1, anapigwa kosa. Tumemtendea haki?

Na hili si langu mimi. Mwaka 1917, N. J. Lennes aliandika katika jarida la Marekani la wanahisabati akitoa hoja hiyohiyo, na mfano wake ulikuwa 9a² ÷ 3a: vitabu vyote vinasema 3a, ilhali kanuni ya kushoto kwenda kulia ingedai 3a³. Mwaka 1928, Florian Cajori, aliyeandika historia kubwa ya alama za hisabati, alisema wazi kwamba alama ya kugawanya na ya kuzidisha zikikutana hakuna makubaliano ipi itangulie. 1928! Babu wa babu zenu wanafunzi walikuwa bado vijana. Sisi tukidhani ubishi umeletwa na simu.

Labda mtu anauliza: kama yote ni makubaliano, kwa nini tusikubaliane tu kwenda kushoto kwenda kulia kwa kila kitu, tukapumzika? Kwa nini kuzidisha kumtangulie kujumlisha?

Swali zuri. Chukueni 2 + 3 × 4. Fikirieni ukumbi kama huu. Viti viwili viko jukwaani, na chini kuna safu tatu za viti vinne vinne. Viti vingapi? Kumi na vinne. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayejumlisha viti viwili vya jukwaani na *safu* tatu akapata tano, halafu akazidisha kwa nne. Tano za nini? Viti na safu havijumlishiki. Inabidi kwanza uzivunje safu ziwe viti, ndipo ujumlishe viti na viti. Kuzidisha ni kujumlisha kulikofungwa kamba: 3 × 4 ni 4 + 4 + 4. Lazima ufungue mzigo kabla hujauchanganya na mingine. Kipeo nacho, kama 3² ambayo ni 3 × 3, ni kuzidisha kulikofungwa kamba, ndiyo maana kinafunguliwa mapema zaidi.

Hiyo ndiyo sababu ya kweli, na ina nguvu. Lakini angalieni mpaka wake. Inatuambia kuzidisha kutangulie kujumlisha. Haituambii lolote kuhusu kugawanya na kuzidisha vikikutana, maana hao ni mapacha. Pale sababu imekwisha, imebaki desturi. Na desturi ndiyo inayogombewa.

Hizi alama zenyewe, ndugu zangu, hazikushuka na mvua. Al-Khwarizmi, ambaye jina la kitabu chake limetupa neno aljebra, aliandika milinganyo yake karne ya tisa kwa maneno matupu. Alama za + na − tunaziona katika kitabu kilichochapwa cha Johannes Widmann mwaka 1489. Alama ya sawasawa aliileta Robert Recorde mwaka 1557. Msalaba wa kuzidisha ni wa William Oughtred, 1631. Na kale kamstari kenye nukta mbili, ÷, aliyekatumia kwa kugawanya ni Johann Rahn wa Uswisi, mwaka 1659. Yaani kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja kwa mahitaji yake. Leibniz, mwanahisabati wa Ujerumani, hakuupenda msalaba. Mwaka 1698 alimwandikia Johann Bernoulli kwamba unafanana mno na herufi x, yeye anatumia nukta. Nako Denmark na Norway ÷ ilitumika miaka mingi kuonyesha kutoa! Nane ÷ mbili, sita. Hebu mpelekeeni shemeji yangu hiyo.

Sasa nigeukie kwetu, na kosa langu mwenyewe.

Nani hapa hajawahi kuimba Magazijuto? Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno tamu. Linakaa mdomoni kama wimbo wa kuruka kamba. Nilifundishwa nalo, nikafundisha nalo.

Mwaka wangu wa pili wa ualimu nilitoa zoezi, na swali la tatu lilikuwa 20 − 8 + 5. Nikikusanya madaftari nikakuta mtoto mmoja ameandika 7. Kalamu nyekundu, kosa, nikafungua daftari linalofuata. Kesho yake yule mtoto akaja mezani. Mdogo, sauti ya chini, daftari kalifungua ukurasa wenyewe na kidole kiko juu ya alama yangu. Akasema, "Mwalimu, JU iko kabla ya TO."

Nikatazama. Alikuwa amejumlisha kwanza: 8 na 5, 13. Kisha akatoa: 20 toa 13, 7. Alikuwa ametii. Ametii kila silabi ya neno nililomwimbisha wiki nzima. Na mimi nikamjibu nini? Nikamwambia, "Nenda ukakae." Sikuwa na jibu. Nilijua jibu ni 17, ila sikujua kwa nini neno langu linasema 7.

Jibu nilipaswa kumpa hivi. Ile 8 ina alama ya kutoa mbele yake, ni ya kwake peke yake. Tano ina alama ya kujumlisha, nayo ni ya kwake. Una ishirini, ukapoteza nane, ukaokota tano. Umebaki na kumi na saba. Ukijumlisha nane na tano kwanza, umeifanya tano nayo ipotee, na haikupotea, imeokotwa. JU na TO ni mapacha; anayetangulia ni aliye kushoto. GA na ZI ni mapacha vilevile. Tumewapanga mstari mmoja kwa sababu mdomo hauwezi kutamka silabi mbili kwa pamoja.

Wenye Kiingereza hawakupona. Uingereza wana BODMAS, kugawanya mbele ya kuzidisha. Marekani wana PEMDAS, kuzidisha mbele ya kugawanya. Mngefuata herufi, 24 ÷ 4 × 2 ingekuwa 12 upande mmoja wa bahari na 3 upande wa pili. Wote wanajibu 12, kwa sababu walimu wao baadaye huwanong'oneza kwamba herufi zile msizichukulie hivyo. Kwa nini tunanong'ona? Kwa nini hatusemi siku ya kwanza?

Na kuna jambo lingine kuhusu Magazijuto ambalo nilichelewa sana kuliona. Kipeo kiko wapi? MA, GA, ZI, JU, TO. Hakimo. Mtoto akifika kwenye 3² anatoka nje ya wimbo. Sasa mpe −3². Ni tisa hasi au tisa? Vitabu vya hisabati vinasema −9: kipeo ni cha tatu, alama ya hasi inasubiri nje. Andika hivyo hivyo katika Excel, sawasawa, hasi tatu, kipeo cha pili. Inakujibu 9. Andika 0 − 3² katika Excel hiyohiyo, inakujibu −9. Lugha ya kompyuta ya Python nayo inakujibu −9 mara zote mbili. Excel haijaharibika. Waliounda programu ile waliamua alama ya hasi iliyo mwanzoni ishikane na namba yake. Wameamua. Tunarudi palepale.

Mmenileta kwenye mashine wenyewe. Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, mbona mnabishana, si mbofye kikokotoo?"

Wanafunzi wawili walinijia siku moja na vikokotoo viwili. Wote wamebofya 2 + 3 × 4. Mmoja kimemwonyesha 14, mwenzake 20. Aliyepata 20 alikuwa karibu kulia; alidhani chake kibovu. Nikamwambia abofye polepole mbele yangu. Mbili, jumlisha, tatu. Alipobofya alama ya kuzidisha, kabla hata hajaigusa nne, kioo kikaonyesha 5. Mnaona? Kikokotoo kile kidogo hakisubiri. Kila ukibofya alama kinamaliza kazi iliyotangulia. Hakijui kama nne inakuja. Kile cha mwenzake, cha kisayansi, kinakusanya sentensi nzima mpaka mwisho, ndipo kinaisoma. Kimoja kinajibu katikati ya maneno yako, kingine kinakuacha umalize. Sote tuna jamaa wa aina hizo mbili.

Na hivi vya kisayansi navyo havielewani. Kampuni ya Texas Instruments ilitoa TI-82, ambayo ukiandika 1/2X inasoma moja chini ya 2X. Ikafuata TI-83, mdogo wake tumbo moja, inasoma nusu, mara X. Kampuni moja, namba moja tofauti. Basi picha mnayotumiwa yenye vikokotoo viwili sambamba vikijibu 6 ÷ 2(1 + 2), kimoja 9 kimoja 1, si lazima iwe ya kughushi.

Wataalamu wa kompyuta walilichoka jambo hili mapema, na kila mtu akachukua njia yake. Lugha ya Smalltalk inakwenda kushoto kwenda kulia bila cheo chochote: 2 + 3 × 4 ni 20. Lugha ya APL ya Kenneth Iverson inasoma kulia kwenda kushoto, tena bila cheo, kwa hiyo 3 × 4 + 5 inakuwa 27. Na zamani zaidi, miaka ya 1920, Jan Łukasiewicz wa Poland alibuni uandishi ambao alama inatangulia namba zake na mabano hayahitajiki kabisa. Kinyume chake, alama ikija nyuma, ndicho kikokotoo cha HP-35 cha mwaka 1972 kilichotaka: mbili, tatu, nne, zidisha, jumlisha. Kumi na nne, hakuna wa kubisha. Hakuna pia wa kukuazima, maana ukimpa mtu asiyekizoea anakurudishia baada ya dakika moja.

Mafumbo mengine ya mitandaoni nayapita haraka, kwa sababu si ya aina hii. 7 + 7 ÷ 7 + 7 × 7 − 7 lina jibu moja, 50, na anayekosa amekosa: saba, na moja, na arobaini na tisa, toa saba. Yale ya picha za matunda, ambapo mstari wa mwisho wamekupunguzia tunda moja kwenye kichala usilione, hayo ni mtihani wa macho. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na fumbo linalojifanya linapima hesabu huku mwandishi wake ameficha pumzi makusudi ili watu watukanane.

Sasa nirudi kwenye lugha yetu, maana ina siri nzuri hapa. Niseme: "Nimeona vitabu vya walimu wawili." Vitabu vingapi? Hatujui. Walimu wangapi? Wawili. Niseme: "Nimeona vitabu vya walimu viwili." Sasa vitabu ni viwili, walimu hatujui. Silabi moja, *wa* au *vi*, imetuambia namba ni ya nani. Upatanisho wa kisarufi, ule unaowatesa wageni wanaojifunza Kiswahili, ni mabano! Tunafungua na kufunga mabano kutwa nzima bila kujua.

Lakini: "Nimeona watoto wa walimu wawili." Ehe? Watoto wawili au walimu wawili? Hapa ngeli ni moja, mabano yamepotea, na msikilizaji amebaki na 8 ÷ 2(2 + 2). Na ninyi huwa mnafanya nini ikitokea hivyo? Mnabishana mpaka usiku wa manane kwamba kanuni ya Kiswahili inasema watoto? Hapana. Mnamgeukia aliyesema, mnamuuliza: "Wawili ni watoto au ni walimu?" Sekunde mbili, mmeendelea na safari.

Wanaoandika hesabu kwa kazi, wahandisi, wanafizikia, wanaliepuka tatizo kabla halijazaliwa. Wanachora mstari mlalo: cha kugawanywa juu, kigawanyi chini, na kilicho chini kiko chini, hakuna ubishi. Viwango vya kimataifa vya ISO 80000 vinasema alama ya ÷ isitumike kugawanya, na kwamba ukigawanya kwa mkwaju (/) usiweke baada yake, kwenye mstari uleule, alama nyingine ya kuzidisha au kugawanya bila mabano. Yaani wakubwa wa alama hawakutoa hukumu kati ya 16 na 1. Walikataa sentensi.

Walimu wenzangu, tukitunga maswali tufanye vivyo hivyo. Ukitaka 16, andika (8 ÷ 2) × (2 + 2). Ukitaka 1, andika 8 ÷ [2 × (2 + 2)]. Wino kidogo tu umeongezeka. Na mtoto akikuletea jibu usilolitarajia, kabla ya kalamu nyekundu mwambie, "Nisomee swali kwa sauti." Utasikia pumzi yake iko wapi. Yule wa 20 − 8 + 5 ningemwambia hivyo, ningelijua tatizo langu dakika ileile. Nilikuja kumwomba radhi baadaye, mbele ya wenzake, na nikalirudisha swali la tatu ubaoni.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Maswali?

(Palikuwa na maswali kadhaa. Ninaliweka moja, la mwanafunzi wa safu ya nyuma.)

"Mwalimu, nimeelewa. Lakini likija kwenye mtihani, tena la kuchagua, A ni 1, B ni 16?"

Nikamjibu: chagua 16, kwa sababu ndicho utaratibu wa darasani unachokupa, na msahihishaji ana karatasi ya majibu, hana muda wa kumsikiliza Lennes. Lingekuwa la kuandika, mstari wako wa kwanza uwe swali lenyewe ukiwa umeliwekea mabano yako, ili aone ulivyolisoma. Na ukitoka kwenye chumba cha mtihani, mtafute mwalimu aliyelitunga, umsalimie vizuri, umwombe siku nyingine aandike mabano.

Mwalimu wake alikuwa amekaa safu ya pili. Akanyoosha mkono bila kugeuka nyuma, akasema amesikia.